Mapigo Manne ya Kujirudisha

Siku Maalim, mwalimu wetu wa bendi, alipotuambia anaondoka, nilikuwa nimebeba ngoma kubwa tumboni kama mama wa mimba ya miezi kumi na mbili, na nilimshukuru Mungu kwa hiyo ngoma, maana nilipata pa kujificha nyuma yake.

"Wanangu, mie nishazeeka," alisema. "Binti yangu anataka nikakae naye Sharjah, nicheze na wajukuu. Ataletwa mwengine. Msimtie aibu, wala msinitie mie aibu."

Wengine walipiga makofi, wengine walifuta machozi. Mimi nilikuwa na swali moja tu: huyo mwingine atagundua kwamba sijui kusoma noti za muziki?

Chuo chetu ni cha binafsi, kiko upande ule wa Jumeirah Lakes Towers, na kina bendi ya gwaride inayotoka siku za wageni na siku za kufunga mwaka. Shida ya bendi ya chuo ni kwamba mwanafunzi akishajua kupiga vizuri, anamaliza masomo anaenda zake. Kila mwaka kunabaki mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili, na mapengo yanazibwa na wafanyakazi. Ndiyo maana kwenye safu ya ngoma ungekuta wanafunzi wawili, dada mmoja Mganda wa kantini, na mimi.

Mimi nilitoka Kenya nikaja Dubai kama askari wa kampuni ya ulinzi, nikawekwa kwenye geti la hicho chuo. Mchana getini hakuna kazi, kuna jua tu. Nikawa napigapiga ile nguzo ya kuzuia magari, nikijikumbusha ngoma za kanisa letu. Siku moja Maalim, mzee wa familia ya Unguja aliyekaa huku miaka na miaka, alisimamisha gari mbele ya nguzo, akazima injini, akashusha kioo.

"Hebu rudia hapo mwisho."

Nikajua nimefutwa kazi. Nikapiga saluti.

"Sikutaka saluti, mwanangu. Nimetaka ngoma."

Haikupita miezi miwili, chuo kikanichukua kutoka kwa kampuni, viza ikabadilishwa, nikaitwa mtunza ala za muziki. Maana yake nafuta tarumbeta, nafunga stoo, na bendi ikitoka mimi ndiye ngoma kubwa. Kazi ya kivulini, yenye kiyoyozi. Nyumbani nikawaambia mimi ni mwanamuziki wa chuo. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio.

Ile fomu ya kazi ilikuwa imeuliza kiwango cha elimu. Niliandika Form Four. Mimi niliishia Form Two, lakini nilijiambia hizo mbili ni majirani, zinatenganishwa na ua mdogo tu.

Na noti? Maalim hakuwahi kuniuliza. Alikuwa ananiimbia kipande changu kwa mdomo, "du, du, taka-du," mimi nakishika, khalas, imeisha. Mbele yangu kulikuwa na karatasi kama ya wengine, na mimi nilikuwa naiangalia kwa heshima, kama mtu anayeangalia picha ya marehemu.

Sasa akaja Madam, yule mwalimu mpya. Alikuja na futi ya fundi, ndoo ya chaki, na simu ya kuhesabu mapigo, inayolia tik, tik, tik bila kuchoka. Nilipomsikia akiongea na mtu kwa Kiswahili cha Nairobi, moyo wangu ulitua kidogo. Nikasema, huyu ni wetu, tutaelewana. Nikamwendea na tabasamu la kupokea mgeni.

"Dada, karibu sana. Mimi pia ni wa nyumbani."

Aliniangalia kuanzia kofia mpaka viatu, macho yakabaki hapo kwenye viatu.

"Nyumbani ni dada. Hapa ni Madam. Hivyo viatu ni saizi gani?"

"Arobaini na nne, Madam." Nilikuwa nimevipata Al Rigga, vilikuwa vya mwisho dukani.

"Na mguu?"

"Arobaini na mbili."

"Ndiyo maana kiatu kinafika halafu wewe unafuata."

Dada wa kantini alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Ndani ya tumbo hakuna aliyecheka.

Madam alichora uwanja mzima kwa chaki. Kati ya mstari na mstari zinaingia hatua nane, hazizidi, hazipungui, na hatua ya mwisho kidole kiguse chaki. Wote waliweza ndani ya wiki. Mimi mstari ulikuwa unanikuta hatua ya saba, au ya tisa, siku nyingine ulinikuta nikiwa bado natafuta ya sita. Akanirekodi kwa simu, akanionyesha. Nilikuwa nafikiri naenda kama mwanajeshi. Nilichokiona kwenye hiyo simu ni bata anayetafuta choo.

"Nani alikufundisha kutembea hivi?"

"Kanisa, Madam."

Hapo sikuwa natania. Kwetu Magharibi kuna makanisa ya bendera na kanzu nyeupe, na Jumapili tunazunguka barabarani na ngoma, kilomita baada ya kilomita, kabla ya ibada. Kule hatua haipimwi. Unapanda kilima unaifupisha, unateremka unairefusha, ukikuta ng'ombe unasimama kidogo mabega yanaendelea. Sheria ni moja tu: ngoma ikishaanza haikatiki mpaka mlango wa kanisa. Mkono wako ukichoka, au fimbo ikidondoka, aliye karibu anaingia hapo hapo na kuendeleza, hata kama ni bibi wa miaka sabini. Ngoma ikinyamaza katikati ya njia, huo ni mkosi, wamama watalisema jambo hilo mwezi mzima. Nimekua hivyo. Mkono wangu unajua hilo kabla kichwa hakijajua.

Sikumwambia Madam yote hayo. Nilisema tu, "Nitajirekebisha."

Wiki ya pili alituletea wimbo mpya. Wenzangu wakaanza kupiga, mimi nikawa nasikiliza kwa sikio moja na kuigiza kwa mikono yote. Walipofungua ukurasa wa pili, na mimi nikafungua. Nikakunja paji la uso, nikawa nausoma kwa makini sana. Tik tik ikazimwa.

"Ngoma kubwa. Unasoma nini hapo?"

"Wimbo, Madam."

"Sehemu yako ni ukurasa mmoja. Huko nyuma ni karatasi tupu."

Uwanja mzima ulicheka. Nikasema, "Nilikuwa narudia yale ya mbele kichwani, Madam." Yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, mstari mfupi tu, na mimi tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Halafu ikaja barua. Kila mwanabendi angepimwa peke yake uwanjani, akipiga kutoka kwenye karatasi, mbele ya Madam. Kiwango cha kupita ni sitini kwa mia. Kwa wanafunzi na wafanyakazi wengine, atakayeshindwa anatoka kwenye bendi. Lakini barua yangu ilikuwa na aya moja zaidi, na dada wa kantini ndiye aliyenisomea, kwa sababu Kiingereza cha barua si kile cha getini.

"Hapa wanasema, kwa mtunza ala, asipofikia kiwango, mkataba hauongezwi." Akanitazama. "Sebo, bwana wangu, hii ni wewe peke yako."

"Soma tena, labda kuna 'inshallah' mahali."

"Hakuna inshallah. Kuna sahihi na muhuri."

Barua ilikuwa na ukurasa wa sheria za mtihani nyuma yake, maandishi madogo madogo. Dada alitaka kunisomea na hizo. Nikaona aibu. Nikasema, "Hizo nimeshazielewa," nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Huo ujinga ndio ulionila baadaye.

Tulikuwa na wiki tatu. Naishi Discovery Gardens, chumba cha watu sita, na nadhani wote sita tuliogopa kwa ajili yangu. Nilikuwa napiga mswaki kwa kufuata tik tik. Mtanzania mmoja wa kitanda cha juu alisimama mlangoni asubuhi na taulo begani.

"Kaka, unasafisha meno au unaita mvua?"

"Nafanya mazoezi."

"Basi maliza huo ubeti, wenzako tunachelewa kazini."

Simu ikilia naruka. Nikipita ofisi ya wafanyakazi natembea kwa ncha za vidole, kama vile wakinisikia ndio watakumbuka kunifukuza. Kilichoniogopesha zaidi hakikuwa kufukuzwa. Ni ile picha ya kushuka na sanduku nyumbani, mama ananiuliza, "Umekuja likizo?" halafu majirani wanakuja kumsalimia mwanamuziki.

Nilimwomba dada anifundishe noti. Yeye alisoma shule ya wasichana ya masista kule kwao, walikuwa na bendi, anasoma noti kama mtu anavyosoma bei dukani. Yeye kazi yake ilikuwa salama kantini, lakini alikuwa na lake: Madam alikuwa amesema atakayepata alama za juu kwenye ngoma ndiye atakuwa kiongozi wa safu, na wale wanafunzi wawili walishaanza kuitana "kiongozi" wakipita mbele yake.

"Wiki tatu hazitoshi," aliniambia. "Ungekuja mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa sijaanza kuogopa."

"Banange, jamani. Basi shika kwa masikio, kama kawaida yako, na uombe asibadilishe wimbo."

Nikaushika wimbo wote. Ungeniamsha ungeukuta mikononi. Nikaanza kupata hata usingizi wa saa mbili tatu.

Mtihani ulikuwa alasiri ya Alhamisi. Joto lilikuwa limeanza kupungua, lakini jasho langu halikuwa na habari. Tulijipanga pembeni kwa safu zetu. Tarumbeta zilipimwa kwanza, halafu wale wanafunzi wawili wa ngoma ndogo. Walifanya vizuri tu, mmoja alikanyaga chaki vibaya mara moja. Madam alikuwa anatembea kando yao na daftari, haongei.

Akaingia dada. Lazima niseme ukweli, sijawahi kuona mtu akitembea vile. Nane, chaki. Nane, chaki. Vijiti vilikuwa vinanong'ona kwenye ngoma. Hata wale wanafunzi waliacha kutafuna chingamu. Mimi nilikuwa nimesimama jirani na mstari wa nne na ngoma yangu kifuani, nikisubiri zamu, nikiwa nimejaa fahari na woga, sijui kipi kilikuwa kingi.

Alipofika pale nilipo, kijiti kimoja kilimponyoka. Jasho tu. Kikaanguka kwenye nyasi. Na ngoma ikanyamaza.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe: du, du, taka-du, nikaingia uwanjani ubavuni kwake, hatua za kanisani, nikauchukua wimbo pale pale ulipokatika, nikauendeleza kwa nguvu zote. Nilimgeukia nikitabasamu, kama kumwambia usijali, dada, nimeushika, okota kijiti taratibu.

Uso wake sitausahau.

Filimbi ya Madam ililia. Tik tik ikazimwa. Nikasikia treni ya metro ikipita kule barabara kubwa.

"Nani amekuambia uingie?"

"Madam, ngoma ilinyamaza."

"Nimeuliza nani."

"Hakuna, Madam."

Dada alikuwa ameshika kijiti cha akiba. Alikuwa ameshakitoa kwenye mfuko wa kiunoni, kiko mkononi, tayari. Ndipo nikaona. Aliongea polepole, na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi, maana yeye huongea haraka.

"Sheria ya sita. Ukikosea, una mapigo manne ya kujirudisha mwenyewe. Yana alama ishirini. Mimi nilikuwa kwenye pigo la pili. La pili! Nilikuwa narudi. Wewe umekuja kunisaidia nini? Umekula alama zangu zote ishirini, na unacheka."

"Dada, kwetu…"

"Kwenu! Kwenu ndiko wanamaliza mtu hivi?"

Wale wanafunzi wawili walikuwa wanaangalia chini, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Nilitamani ile ngoma ifunguke niingie ndani nifunge.

Madam aliandika. Halafu, bila kuinua macho, akasema, "Na wewe, kwa kuwa tayari uko uwanjani. Zamu yako." Akatoa karatasi kwenye faili, akaibana kwenye kishikizo cha ngoma yangu. Niliiangalia. Vile vidudu vya noti vilikuwa vingine. Haikuwa ile niliyoizoea. Sikujua inasema nini, lakini nilijua si ile, kama mtu asiyejua kusoma anavyojua kwamba hilo jina kwenye tiketi si lake.

Tik. Tik. Tik. Tik.

Kuna woga wa kukimbia na kuna woga wa kuchoka. Wiki tano nilikuwa nakimbia. Pale nikachoka. Nikateremsha mikono.

"Madam, sijui kusoma hii."

"Wimbo huu?"

"Wimbo wowote."

Akazima simu. Akanisogelea mpaka wengine wasisikie.

"Ulipigaje miaka yote hii?"

"Maalim alikuwa ananiimbia."

"Na shule?"

"Form Two, Madam." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya kifaranga. "Kwenye fomu niliandika Form Four. Hilo ni kosa langu, si la Maalim. Na la dada pia ni kosa langu. Yeye alikuwa anarudi. Mimi sikusoma hizo sheria, nilijifanya nimezielewa. Tafadhali mrudishie mtihani wake. Mimi niandikie utakavyo."

Nilikuwa natetemeka mpaka ngoma ikawa inalia kidogo kidogo, yenyewe. Madam aliiangalia ngoma, akaweka kiganja juu yake kuinyamazisha.

"Elimu yako ni mambo ya ofisi," akasema. "Utaenda kesho asubuhi urekebishe hiyo fomu wewe mwenyewe, kabla sijaenda mimi. Yeye atarudia sasa hivi. Na wewe leo umepata sifuri. Sifuri kabisa. Barua inaruhusu kurudia mara moja, baada ya wiki sita. Kwa karatasi nitakayochagua mimi. Mpaka hapo ngoma hupigi, unabeba tu."

"Asante, Madam."

"Usinishukuru. Sijakusaidia bado."

Dada alirudia. Alipata alama za juu kuliko ngoma zote, akawa kiongozi wa safu, na amri yake ya kwanza kama kiongozi ilikuwa kunituma stoo nikapange virungu vya kupigia ngoma kwa urefu. Siku tisa hakuniongelesha neno lingine lolote ambalo si amri. Nilikwenda ofisini na fomu, nikarekebisha, jasho likilowesha kalamu. Yule bwana wa ofisi alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Yalla, nenda, tutaona," na hilo "tutaona" lilinitafuna kuliko sifuri.

Siku ya kumi dada alinikuta nikifagia nje ya kantini.

"Saa kumi na mbili unusu asubuhi," akasema. "Kabla sijafungua. Ukichelewa nafunga mlango."

"Umenisamehe?"

"Hapana. Lakini safu yangu haiwezi kuwa na ngoma kubwa isiyosoma. Watasema mimi ndiye sijui kuongoza."

Kwa wiki nne na ushei alinifundisha juu ya meza ya kantini, na hakuna mwalimu niliyemwogopa hivyo tangu nizaliwe. Nikikosa alikuwa hanipigi wala hanitukani, alikuwa ananyamaza na kuhesabu kwa kidole mezani: moja, mbili, tatu, nne. Nilitakiwa nirudi kabla kidole hakijafika nne, na hakuna wa kunipokea. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko noti zenyewe. Mara nyingi nilikaa pale nimekodoa macho, nikisubiri mtu aingie, na hakuna aliyeingia.

Nikapimwa tena, alasiri, peke yangu uwanjani na Madam. Siwezi kukueleza nilivyopiga kwa sababu sikumbuki. Nakumbuka chaki, nakumbuka kupotea mara mbili, na mara zote mbili nilisikia ule ukimya ukinifungulia mdomo kama shimo, na nikarudi nikiwa nimefumba jicho moja. Madam alisema, "Matokeo kesho," akaenda.

Kesho yake orodha ya muhula mzima ilikuwa imebandikwa mlangoni pa stoo. Mimi orodha za mitihani nazisoma kutoka chini kwenda juu, ndiko ninakopatikana haraka. Wa mwisho si mimi. Wa pili kutoka mwisho si mimi. Wa tatu, mimi. Sitini na moja, nimepita kwa alama moja, na lile "tutaona" la ofisini lilikuwa bado halijaleta barua. Chini yangu wawili wa filimbi, nikawaombea.

Nilikuwa bado nashika lile jina langu kwa kidole nisije nikalipoteza, dada akatokea nyuma yangu na aproni yake.

"Wa tatu kutoka chini, na unacheka?"

"Dada, kijijini wangechinja mbuzi."

"Wamwache mbuzi." Akabandika karatasi nyingine pembeni, yenye sahihi yake na ya Madam. "Muhula ujao kupita ni sabini. Kesho saa kumi na mbili unusu, kantini."

Nikaisoma hiyo karatasi mwenyewe, neno kwa neno, nyuma na mbele, mpaka ile sheria ya mwisho kabisa. Halafu nikatoa simu, nikaiweka iniamshe saa kumi alfajiri.